Kumimina Bila Kuonja

Chupa ilipopasuka karibu na miguu yake, Mouna hakuruka. Alisimama palepale na beseni la sambusa kichwani, akatazama povu likienea juu ya saruji, kisha akaendelea kutembea mpaka jikoni. Mama Godelieve, mwenye Hoteli Kivuli ya Kalemie, aliyaona yote kutoka dirisha la ofisi yake. Akamfuata.

"Mouna, haukusikia ile chupa?"

"Nilisikia, Mama."

"Na haukuogopa?"

Mouna alifikiri kidogo, maana alitaka kujibu ukweli. "Hapana."

Ulikuwa mwezi wa tatu. Mume wake, Souleymane, alikuwa amekufa mwezi wa nane wa mwaka uliopita pamoja na watu wengine thelathini, boti iliyokuwa ikitoka Moba ilipopinduka ziwani mbele ya Zongwe. Alikuwa amekwenda kununua maharage ya Pepa. Maiti yake haikuonekana. Mouna alikaa eda nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Kataki, miezi minne na siku kumi, na wanawake waliokuja kulia pamoja naye walirudi kwao wakisema hawakuona chozi lake hata moja. Hakuwa amekataa kulia. Aliyangoja machozi kama mtu anavyongoja zamu yake kwenye bomba, na hayakufika. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mkono uliolaliwa, ila mkono huamka. Alikula kwa sababu sahani ililetwa. Alilala kwa sababu taa ilizimwa. Eda ilipoisha alirudi kwenye kazi yake ya kukaanga sambusa na kuzipeleka hotelini kila asubuhi.

"Papa Alphonse wa kaunta, mikono yake inatetemeka," Mama Godelieve alisema. "Hata mwisho wa mwaka hatafika na hii kazi. Nimejaribu watu watatu kwenye kaunta yake, wote walikunywa. Wa mwisho tulimukuta amelala nyuma ya frigo. Ninyi Waislamu hamunywi. Na wewe makelele haikushitui. Nataka akufundishe."

"Sijui kitu juu ya pombe, Mama."

"Hiyo njo vizuri. Utajua tu ile atakufundisha."

"Sawa."

Nyumbani mama yake, Mama Mosi, alisikiliza habari hiyo, kisha akamwita kaka yake. Mjomba Zahoro alifika baada ya sala ya alasiri, akaketi kwenye mkeka, akakataa chai.

"Unajua dini yetu inasema nini juu ya muntu anayemimina pombe," alisema.

"Najua, mjomba."

"Na hata hivyo?"

"Naanza kesho saa nne."

Zahoro alikuwa amejiandaa kwa mabishano, au kwa machozi, na hakupata hata kimoja. Aliinuka, akamwambia dada yake kwa sauti ya chini kwamba huyu mtoto bado hajarudi, tumuache kwanza arudi. Mouna alisikia. Alijiuliza kama ingefaa aone haya, akaitafuta haya hiyo ndani yake, hakuiona.

Alphonse alikuwa mtu wa miaka sitini na minne, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama visu. Alianza kazi ya kaunta zamani za Zaire, kwenye meli, akahamia hoteli moja hadi nyingine mpaka akafika Kivuli. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka mwaka mmoja nyuma, na wa kushoto ukafuata. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. "Si pombe," alikuwa akimwambia kila mteja, hata yule ambaye hakuuliza.

Hakumpenda Mouna. Alimwonyesha hivyo tangu siku ya kwanza: alimpa kitambaa na glasi arobaini, akamwambia azifute, akaenda kuketi barazani akitazama ziwa na magunia ya mchanga yaliyopangwa kuzuia maji yaliyopanda. Aliporudi alizinyanyua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, glasi ikitetemeka kati ya vidole vyake.

"Hii ina alama. Hii ina manyoya ya kitambaa. Hii iliwahi kuwa na maziwa, harufu ingalipo. Rudia."

Alirudia. Juma zima alifuta glasi tu. Mtu mwingine angekasirika, na pengine Alphonse alitaka akasirike, aondoke. Mouna alifuta.

Juma la pili alimfundisha bia. Chupa huletwa ikiwa imefungwa, mteja huigusa kwanza ili ajue baridi yake, maana wengine wanataka ya baridi na wengine ya kawaida. Hufunguliwa mbele ya macho yake, si mahali pengine. Glasi huinamishwa, bia iteremke ukutani mwake, kisha husimamishwa polepole ili povu lipande vidole viwili. Siku ya kwanza povu la Mouna lilimwagika mpaka kwenye suruali ya karani mmoja wa bandari. Siku ya tatu alivunja glasi mbili. Alphonse alimfokea mbele ya wateja, naye aliokota vipande, akajikata kidole gumba, akakifunga kwa kitambaa, akamimina nyingine. Alphonse alimtazama akimimina huku damu ikipenya kitambaani.

"Haiumi?"

"Inauma. Nasikia kwamba inauma."

Kesho yake Alphonse alikuja na plasta mfukoni.

Kwa pombe kali walitumia maji. Alphonse alijaza maji kwenye chupa tupu ya jini, akamwambia amimine huku akihesabu kimoyomoyo mpaka nne, bila kutazama chupa, macho yakiwa kwa mteja. Kila kipimo alikiangalia kwa kikombe kidogo cha bati. Baada ya siku kumi kikombe hakikuwa na kazi tena. Mkono wa Mouna haukuzidisha wala kupunguza, asubuhi wala jioni, watu wakiwa wawili ama hamsini.

"Unamimina kama mashine," Alphonse alisema. Haikueleweka kama alikuwa akimsifu.

Tatizo lilikuwa kuonja. Alphonse hakuwahi kumfundisha mtu asiyeonja, na kwa siku kadhaa alizunguka nalo. Hatimaye alipanga glasi tano juu ya kaunta, akazifunika kwa visahani, akamfunga Mouna macho kwa kitambaa safi.

"Nusa. Kisha uniambie, si jina, uniambie ni kama nini."

Ya kwanza ilinuka kama mlango mpya uliopakwa vanishi, kisha moshi kwa mbali. Ndiyo whisky. Ya pili ilikuwa kama majani yaliyopondwa kwa vidole, ndiyo jini. Ya tatu ilimkumbusha zabibu kavu ambazo baba yake alileta kutoka Kigoma wakati wa Ramadhani. Ndiyo konyaki. Ramu ilikuwa sukari iliyoungua chini ya sufuria. Ya mwisho ilimchoma puani mpaka nyuma ya macho, kama kibatari kilichozimwa sasa hivi. Hiyo ilikuwa lutuku, pombe ya mahindi na mihogo inayopikwa majumbani. Hoteli haikuiuza, ila Alphonse alitaka aijue.

"Kwa nini, Papa, kama hatuiuzi?"

"Kwa sababu watakuja nayo tumboni. Muntu akishakunywa hiyo njiani, bia yako moja kwake ni tatu. Lazima pua yako imukamate kwenye mulango."

Alphonse alikuwa na kinywaji chake mwenyewe ambacho wageni wa mashirika walikiagiza kwa jina la ziwa: Tanganyika. Jini, maji ya marakuja, yaani pasheni, ndimu, sukari kidogo. Alimfundisha kwa rangi, iwe kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, si hafifu zaidi, na kwa uzito wa kijiko kikizungushwa. Kisha yeye mwenyewe alichovya ncha ya kijiko, akakiweka kwenye ulimi. "Ndimu," alisema. Au, "Sukari, umeogopa sukari." Wakawa hivyo: mikono ilikuwa ya Mouna na ulimi ulikuwa wa Alphonse, na wateja hawakuona tofauti.

Mambo mengine hayakuwa ndani ya chupa. Mhandisi mmoja wa barabara alipomshika Mouna kifundo cha mkono na kukataa kukiachia, Alphonse alitazama kutoka pembeni bila kusogea. Mouna naye alimtazama mtu yule, akangoja, mpaka mtu akachoka na ule utulivu, akaachia. Baadaye Alphonse alimwambia:

"Usimuvute mukono, atafurahi. Mupatie kitu cha kushika. Sema, Papa, nishikie hii chupa kidogo. Muntu akishika chupa hawezi kukushika wewe."

"Na kama ana mikono miwili?"

"Mupatie chupa mbili."

Yalikuwa maneno ya kuchekesha. Mouna alijua hivyo, na alimwona Alphonse akingoja kicheko. Aliinama kidogo kwa heshima.

Alimfundisha pia kwamba anayetaka kusema huulizwa mara moja tu. Ukiuliza mara mbili wewe ni polisi. Anayelia hupewa glasi ya maji, kisha unamgeuzia mgongo na kufuta glasi, ili alie peke yake bila kuachwa peke yake. "Na kazi nguvu kupita zote," alisema, "njo kukatala. Kumimina hata muti unaweza, ukiuinamisha. Kukatala bila kumuvunja muntu heshima, nimejifunza miaka kumi, na mara zingine nakosea."

Prospère alikuwa mteja wa kila siku. Alikuja saa tano ya asubuhi, mtu mnene wa miaka arobaini na kitu, akaketi mwisho wa kaunta karibu na dirisha, akageuza kiti ili asione maji. Alphonse alimhudumia bila kumuuliza anachotaka. Mouna alimjua siku ya kwanza aliposikia jina lake likiitwa kutoka barabarani. Kalemie nzima ililijua. Ni yeye aliyekuwa ameshika usukani wa ile boti. Aliogelea ameshika bidoni, dumu tupu la mafuta, mpaka ufukweni, akakaa kizuizini majuma matatu, akaachiliwa.

Yeye hakumjua Mouna. Hakukuwa na sababu amjue.

Siku Alphonse alipomwambia, "Muhudumie yule," Mouna alichukua bia ya Simba ya baridi, akaipeleka, akangoja mkono wa Prospère uiguse, akaifungua, akainamisha glasi. Vidole viwili vya povu. Alijichunguza alipokuwa akimimina, kama mtu anayebonyeza jino ili ajue kama bado linauma. Hapakuwa na kitu.

"Aksanti, Mama," Prospère alisema.

"Karibu, Papa."

Ikawa hivyo mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Hakumwambia mtu, wala Alphonse, wala mama yake, ambaye siku hizo alikuwa akifua nguo zake za kazi katika beseni la peke yake, bila lawama, kama anavyofua za mgonjwa.

Mwezi wa nane pepo za kusini zilianza kupiga ziwa. Asubuhi moja Mama Godelieve alisema, "Leo Mouna peke yake. Papa Alphonse, wewe leo ni mteja." Alphonse aliketi upande wa pili wa kaunta kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaibana mikono kati ya magoti. Hakujua mahali pa kuyaweka macho yake.

Saa tano Prospère aliingia, na pua ya Mouna ilimkamata mlangoni: kibatari kilichozimwa. Alimpa bia moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya Alphonse, moja tu kwa mtu aliyekuja nayo tumboni. Prospère aliinywa haraka, akaishika glasi tupu kwa mikono yote miwili.

"Leo imetimia mwaka," alisema.

"Mwaka wa nini, Papa?"

Aliuliza mara moja, kama alivyofundishwa. Kisha akaelewa, na akaelewa pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa amezihesabu siku. Alikuwa ameamka asubuhi hiyo, ameoga, amepanda pikipiki, bila kujua ni siku gani.

"Wa ile boti," Prospère alisema. Aliongea akiitazama glasi. "Niliwaambia wenye mali, magunia ni mengi. Niliwaambia wazi pale Moba, tupunguze. Hawakunisikia. Polisi wanasema nilisema, ni kweli, kuna mashahidi. Lakini kisha nilishika usukani. Hiyo haiko kwenye karatasi yao. Nilisema, kisha nikashika usukani. Alfajiri upepo ukatoka hivi, wimbi likaingia, magunia yakakunywa maji. Haikuchukua muda hata wa kuvaa kiatu."

Alphonse aliinua kichwa. Mouna alikuwa amesimama, mikono juu ya kaunta.

"Kulikuwa mwanaume mwenye koti ya kijani," Mouna alisema, "na kofia nyeupe ya kufuma. Alikuwa na magunia mawili ya maharage. Ulimuona?"

Prospère alimtazama. Miezi mitatu alikuwa amepokea glasi kutoka mikono ile, na ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mke wake."

Jikoni mafuta yalikuwa yakichemka.

"Ningependa nikudanganye," Prospère alisema. "Wengine nimewadanganya. Nimewaambia alikuwa anaomba, alikutaja jina. Lakini walipanda usiku kwenye baridi, Mama, wote wamejifunika shitingi za plastiki. Sikuona sura. Sikumbuki koti. Sikumbuki muntu hata mumoja."

"Sawa."

"Nitukane basi."

"Sina tusi, Papa."

Prospère alisukuma glasi mbele. "Basi nipe ingine."

"Hapana."

"Nini hapana?"

"Leo imetosha. Kesho nitakupatia."

Prospère alipiga kaunta kwa kiganja, glasi zikalia. "Unanikatalia kwa sababu ya bwana yako."

"Nakukatalia kwa sababu ulikunywa lutuku mbele ya kuja hapa. Ingekuwa muntu mwingine ningemukatalia vilevile."

Mouna aliyasikia maneno yake na kuyapima kama ni kweli. Yalikuwa kweli. Alijaza maji ya baridi kwenye glasi safi, akaiweka mbele ya mtu yule, akageuka, akachukua kitambaa. Nyuma yake Prospère alianza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima, chenye kukoroma. Mouna alifuta glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifuta sita. Ya sita ilipokwisha alisikia kiti kikisogezwa na hatua zikielekea mlangoni, na alipogeuka glasi ya maji ilikuwa tupu.

Alphonse alikuwa hajasogea.

"Ulijua miezi hii yote?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unamumiminia."

"Hiyo njo kazi, Papa."

Alphonse alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akachukua moja ya zile glasi sita, akaiinua kwenye mwanga. "Hii ina alama ya kidole," alisema. Kisha akaiweka chini, akaifuta mwenyewe, polepole, kwa taabu, mpaka ikang'aa.

Saa saba Mouna alikwenda jikoni. Ornella, mpishi, alimwekea bugali na samaki wa mikebuka wa kukaanga kama kila siku, na kama kila siku alitegemea sahani irudi nusu. Mouna alikula akiwa amesimama. Alikula samaki wote, akaongeza bugali, akaomba samaki mwingine. Katikati ya kutafuna akasimama.

"Ornella, chumvi imezidi."

Ornella aligeuka na mwiko mkononi. "Miezi mitano nakupikia hivihivi, haujasema kitu."

"Imezidi sana," Mouna alisema, akanywa maji vikombe viwili, akaendelea kula. Akilini, kwa mbali, alimwona Souleymane akisukuma sahani na kuomba ndimu, kama alivyofanya kila mara chumvi ilipozidi, na picha hiyo ilikaa naye muda, ikimfinya kidogo chini ya mbavu. Hakulia. Alirudi kwenye kaunta.

Mwezi wa kumi Alphonse aliondoka. Binti yake alikuwa na mume na shamba Nyunzu, naye Alphonse alipata nafasi ya mbele kwenye lori la kwenda huko. Hakuaga watu wengi. Alimwachia Mouna kikombe cha bati, na maagizo marefu juu ya frigo ya pili, ambayo Mouna aliyajua tayari na aliyasikiliza yote.

Prospère, baada ya siku ile ya lutuku, hakuonekana kwa majuma mawili. Aliporudi aliketi palepale mwisho wa kaunta, akanywa bia moja, akaondoka. Ndivyo alivyofanya tangu hapo. Walisalimiana. Hawakuongea tena juu ya boti. Kuna siku Mouna alimwona akivuka barabara na moyo wake ukapiga kwa hasira, hasira kweli, yenye joto, akalazimika kushika ukingo wa frigo. Kuna siku nyingine hakusikia chochote. Alimimina siku zote mbili, vidole viwili vya povu.

Siku za Ijumaa alimwomba Mama Godelieve amwachie saa mbili za mchana. Hakusema anakwenda kufanya nini, na Mama Godelieve hakuuliza mara mbili.

Mwisho wa mwezi walifika wageni wanne kutoka Lubumbashi, watu wa kupima reli, na mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, aliagiza Tanganyika. Mouna alikamua marakuja, akahesabu jini mpaka nne, akazungusha kijiko, akatazama rangi. Hakukuwa na ulimi wa kumsaidia. Akapeleka glasi, lakini badala ya kuondoka alisimama.

"Onja kwanza, Mama, uniambie. Mimi sionji."

Mgeni alishangaa kidogo, akaonja, akafikiri kwa makini.

"Ndimu imepungua," alisema.

Mouna alirudi nyuma ya kaunta, akachukua kisu, akakata nyingine.